Haki Imekwisha, Wajibu Umebaki

Anayetumia programu ya zamani akilalamika, jibu lake huwa limeshaandaliwa: sasisha kwanza, kisha uje. Ni jibu lenye adabu, na mara nyingi ni la kweli. Hitilafu uliyoikuta leo huenda ilirekebishwa mwaka juzi, na aliyeirekebisha amechoka kuisikia. Lakini mimi naishi na toleo la zamani, na jibu hilo limenifikisha kwenye swali ambalo si la kiufundi hata kidogo. Mtu aliyekubali kubaki na kitu huku akijua kina kasoro, anapoumizwa na kasoro hiyo, ana la kusema? Na kama anajua kwamba maneno yake hayatabadilisha kitu, bado anawajibika kuyasema?

Nafundisha utunzaji wa hesabu katika sekondari moja ya wasichana mjini Tanga. Kwa kuwa nilionekana najua kompyuta, funguo za chumba cha kompyuta nazo zikaishia mkononi mwangu. Mashine zetu ni za msaada, zilishatumika maofisini huko zilikotoka kabla ya kupakiwa kuja kwetu, na nyingi zina prosesa za biti 32. Zinaendeshwa na Debian toleo la 12, liitwalo bookworm, lililotoka Juni 2023. Toleo la 13, trixie, lilitoka Agosti 2025, nalo halikuja tena na kiini wala kisakinishi cha mashine za biti 32 kama zetu. Kwa hiyo mtu akiniambia nisasishe, ananiambia ninunue kompyuta. Zipo chache zinazoweza kuhama, lakini bando la kuzihamisha ni la kwangu, na siwezi kufundisha somo moja kwa mifumo miwili ndani ya chumba kimoja.

Kwa asiyeijua Debian: ni mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, unaoendeshwa na watu wanaojitolea katika nchi nyingi. Hawaandiki programu zote wao wenyewe. Wanakusanya kazi za maelfu ya waandishi, wanazijaribu zikae pamoja bila kugombana, kisha wanazigandisha na kuzitoa kama toleo imara. Kila toleo hupewa jina la mhusika wa filamu ya Toy Story, na tawi ambalo halitulii kamwe linaitwa sid, jina la yule mtoto anayevunja vichezeo. Toleo imara likishatoka, halipokei programu mpya. Linapokea viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu nzito, basi. Haliahidi kutokuwa na kasoro, linaahidi kutobadilika. Anayelichagua anasema: kasoro ninazozijua ni afadhali kuliko nisizozijua.

Sasa niseme kasoro iliyonifikisha hapa. Alama za wanafunzi tunaziandika katika programu ya majedwali, ambayo jina lake nitaliacha. Ili kutengeneza ripoti za wazazi, tunalitoa jedwali kuwa faili la maandishi matupu, kisha faili hilo linaingizwa kwenye fomu ya ripoti. Wasichana wetu kadhaa wana majina yanayoanza na Ng', kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma. Katika toleo tulilo nalo, programu ikiiona ile ritifaa inadhani alama za kunukuu zimefunguliwa, nayo inaanza kumeza kila kinachofuata hadi ikutane na ritifaa nyingine. Orodha ikiwa imepangwa kwa alfabeti, wenye Ng' hukaa jirani, kwa hiyo kinachomezwa ni kidogo: alama za msichana mmoja au wawili katika darasa zima. Hakuna onyo linalotokea. Ripoti inachapwa, inapigwa mhuri, inakwenda nyumbani. Tuligundua kwa sababu mama mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini binti yake hana alama hata moja, na kumbe alikuwa amefanya mitihani yote.

Nilipotafuta nikakuta hitilafu hiyo inajulikana na imeshafungwa. Toleo jipya la programu linaitambua ritifaa iliyo ndani ya neno. Aliyeiripoti mara ya kwanza aliieleza kama jambo la sura tu, kwamba jina linatokea limekatika, na ikawekwa katika daraja la hitilafu ndogo. Kwa mwandishi wa programu, habari imekwisha. Kwangu mimi, muhula unaofuata ulikuwa unakaribia.

Nikalipeleka jambo hili kwa ami yangu, ambaye amefundisha fiqhi ya Kishafi tangu mimi mtoto. Hana habari na kompyuta wala hataki kuwa nazo, na hiyo ndiyo sababu nilimwendea yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hicho chombo mlikinunua?"

"La, ami. Ni cha bure, na leseni yake imesema wazi hakina dhamana."

"Basi usinipeleke kwenye mlango wa kuuza na kununua, mwanangu. Hiyo ni hiba."

Hata hivyo aliupitia mlango huo, kwa faida yangu. Mnunuzi akikuta aibu iliyofichika katika bidhaa, ana hiari ya kuirudisha. Lakini hiari hiyo ina masharti. Kama aliijua aibu kabla ya kununua akaridhia, hana tena la kudai. Na kwa Mashafi, akiigundua baadaye anatakiwa achukue hatua papo hapo. Akiendelea kukitumia kitu kana kwamba hakuna kilichotokea, hiari imemponyoka. Kwa mizani hiyo nimeanguka mara tatu: sikununua, nilijua kwamba toleo imara hubaki na kasoro zake, na niliendelea kutumia. "Huna dai," ami akasema, na nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Wanazuoni wa madhehebu yake hawakuishia kwa muuzaji. Mpita njia anayeijua aibu ya bidhaa, na akamwona mtu anataka kuinunua bila kujua, naye inampasa kusema. Hana hisa katika biashara ile, hatapata kitu wala kupoteza kitu, lakini akinyamaza ameshiriki katika kumdanganya mwenzake. "Hiari ilikuwa yako," ami akaniambia, "ndiyo maana umeweza kuipoteza. Nasaha si yako. Ni ya yule asiyejua."

Mambo mawili niliyokuwa nimeyafunga pamoja kichwani yakaachana hapo. Nilikuwa nikidhani kwamba anayeripoti hitilafu anadai, na kwa kuwa sina haki ya kudai, sina haki ya kuripoti. Lakini dai linamhusu anayelitoa, na ushahidi unamhusu anayeuhitaji. Ninaweza kukosa kabisa la kwanza na bado nikabeba la pili. Na anayeniambia nisasishe kwanza amejibu dai ambalo sikulitoa. Ushahidi ameuacha pale pale ulipokuwa.

Ni haki niseme pia upande wa anayetoa jibu hilo, kwa sababu ana machungu yake. Jamie Zawinski ndiye mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kulinda kioo cha kompyuta aliyoianza mwaka 1992. Mwaka 2016 ulizuka mzozo kati yake na Debian. Watumiaji wa toleo imara walikuwa wakimwandikia kuhusu hitilafu alizokwisha kuzirekebisha zamani, naye alikuwa ameweka ndani ya programu onyo linalojitokeza muda ukipita, likimwambia mtumiaji kwamba toleo lake limechakaa. Debian ilipotaka kuliondoa onyo hilo, yeye alisema ni heri waache kabisa kuisambaza programu yake. Wengi walimwona mkali. Mimi namwelewa. Katika dini tunafundishwa kwamba aliyetubu hasimangwi kwa dhambi aliyoiacha. Mtu aliyekosea, akajua, akarekebisha, kisha kila asubuhi anaamka na barua mpya ya kosa lile lile, anadhulumiwa, hata kama kila mwandishi wa barua hizo ana nia njema.

Lakini dhuluma hiyo haitokani na ushahidi kutolewa. Inatokana na kupelekwa kwa asiyehusika. Zawinski hakuligandisha toleo la zamani. Debian ndiyo iliyoligandisha, na kwa kufanya hivyo ikalibeba kama amana. Mwenye kushika amana ndiye wa kuambiwa hali ya amana. Na kwa kweli Debian haikujificha: katika Mkataba wa Kijamii iliojiwekea mwaka 1997 iliahidi kwamba haitaficha matatizo yake, na kwamba daftari lake la hitilafu litakuwa wazi kwa umma wakati wote. Daftari hilo limeshapita namba milioni moja. Uzuri wake kwa mtu wa aina yangu ni kwamba linaandika hitilafu pamoja na toleo lake: ilikutwa katika toleo gani, ikaondoka katika toleo gani. Kwa hiyo hitilafu moja yaweza kuwa imefungwa kwa anayetumia sid na iko wazi kwa anayetumia bookworm, na daftari likazisema zote mbili bila kujipinga. Nimeona vitabu vya falsafa vikihangaika na jambo hili, vikiuliza kama kauli moja inaweza kuwa kweli hapa na si kweli kule. Watunza daftari waliona tu kwamba kauli haijakamilika hadi itajwe iko wapi.

Mtu atauliza: kama Debian inajua, kwa nini isirekebishe tu, yakaisha? Kwa sababu kurekebisha nako kunaweza kudhuru. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alitaka kuondoa onyo lililokuwa likitolewa na chombo cha kukagua kumbukumbu kilipopitishwa juu ya OpenSSL, maktaba ya kutengeneza funguo za siri. Akafuta mistari iliyoonekana kuwa na kosa. Pamoja nayo akafuta karibu unasibu wote ambao funguo hutegemea, ikabaki namba ya mchakato peke yake, ambayo haivuki 32,768. Funguo zilizotengenezwa kwa Debian zikawa za kubahatishika, na hakuna aliyejua hadi Mei 2008, mtu aitwaye Luciano Bello alipoligundua kosa hilo. Sarge, toleo imara la wakati huo, lilikuwa limekwisha kugandishwa mabadiliko hayo yalipoingia, nalo halikuguswa. Ami hakuijua habari hii, lakini kanuni anazofundisha zinaijua: dhara haliondolewi kwa dhara lililo sawa nalo, na kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa. Wanaolinda toleo imara wanaifuata kanuni hiyo hata kama hawajawahi kuisikia. Kila kirekebisho kinachoombwa kuingizwa kinapaswa kuthibitisha kwamba uzito wa kasoro unazidi hatari ya kuigusa.

Na uzito wa kasoro utajulikanaje? Kwa kusemwa. Hitilafu yangu iliandikwa kuwa ndogo kwa sababu aliyeiona kwanza aliona jina limekatika, na huenda kwao hawana majina ya Ng' mawili katika orodha moja. Katika ngazi za Debian, hitilafu inayopoteza taarifa za mtumiaji si ndogo. Ni ya daraja la juu, ile inayoweza kufungua mlango wa marekebisho katika toleo imara. Jambo la kupotea kwa alama halikuwa limeandikwa popote. Lilijulikana Tanga, na kwa mama mmoja aliyekuja na ripoti mkononi.

Hata hivyo nilikuwa na shaka, na shaka hiyo ndiyo kiini cha maswali yangu. Nilijua inawezekana kabisa kirekebisho kisije. Watunzaji ni wachache, programu ni nyingi, na toleo la 13 lilikuwa limeshatoka. Je, wajibu wa kusema unabaki kwa anayeamini kwamba hatasikilizwa? Wanazuoni walilijadili hili walipozungumzia kuamrisha mema na kukataza maovu. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba anayejua kuwa maneno yake hayatafaa kitu, wajibu unamwondokea, ingawa kusema kunabaki ni jambo jema. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakukubali njia hiyo ya kutokea: kwake mtu anawajibika kusema, na kukubaliwa si kazi yake. Ami alinionya nisizikoroge mada. Hitilafu ya kompyuta si munkari, hakuna aliyeasi. Nakubali, naazima tu umbo la swali.

Kwa kusema kweli nilimwendea ami nikitaka Ghazali awe upande wangu, kwa sababu kuandika ripoti nzuri kunachosha. Lakini nilipoyatazama masharti yake niliona hayanifikii. Ghazali anamsamehe anayejua, si anayedhani. Anamfikiria mtu aliyesimama mbele ya mkosaji mmoja anayemfahamu tabia. Mimi naandika katika daftari lililo wazi, na sijui nani atalisoma. Mtunzaji akipuuza, hajawa yeye msomaji pekee. Kwa hiyo kile ninachokiita "kujua kwamba haitasaidia" ni kuchoka kwangu kulikovaa joho la elimu.

Mfano upo wa neno dogo lililowafaa wasiotarajiwa. Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alikuwa akipima mambo mengine kabisa kwenye mashine yenye Debian sid. Akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alifuata uzi huo hadi kwenye xz, programu ya kubana mafaili, akakuta mtu aliyejijengea imani kwa muda mrefu ameficha ndani yake mlango wa nyuma. Tarehe 29 mwezi huo akautangaza hadharani. Sumu ilikuwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Bookworm, pamoja na chumba changu cha kompyuta, ilikuwa bado iko katika toleo la nyuma yake. Sisi wa nyuma tulinusurika kwa sababu walio mbele waliionja kwanza, na mmoja wao hakunyamaza juu ya jambo dogo. Freund hakunijua. Hakuna nilichomlipa, wala sina namna ya kumlipa. Wa mbele hupata hitilafu ambazo hazijatufikia. Wa nyuma hukaa na hitilafu muda mrefu wa kutosha kuona zinamfanyia nini mtoto wa mtu. Kila upande una ushahidi ambao mwingine hana.

Basi nikaandika. Wajibu wa kusema hauhalalishi kusema ovyo, kwa kuwa anayesoma anajitolea, na saa yake moja inayopotea imeporwa kutoka kwa mwingine. Kwanza nilisoma yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya hitilafu ile. Nikaazima kompyuta ya biti 64 kwa mwalimu mwenzangu, nikaijaribu programu mpya ndani yake, nikahakikisha kwamba huko imepona. Nikatengeneza orodha ya majina ya kubuni, yenye Ng' mbili na jina moja katikati, ili yeyote aweze kuona kumezwa kwa macho yake bila kuona alama za wanafunzi wangu. Debian ina programu iitwayo reportbug inayotaja yenyewe toleo la kila kitu kinachohusika. Niliiacha ifanye kazi yake. Nikasema kwamba najua hitilafu imerekebishwa mbele, kwamba siwezi kwenda mbele na kwa nini, na kwamba neno ninaloliongeza ni moja tu: hapa panapotea taarifa, kimya kimya. Sikuandika "tafadhali rekebisheni haraka." Hilo lingekuwa dai, na dai sina.

Mtunzaji alijibu kwa maneno machache, akapandisha daraja la hitilafu, akasema ataangalia kama kirekebisho kinaweza kukatwa kidogo kiasi cha kukubalika katika toleo imara. Hadi naandika haya hakijaingia. Lakini mtu mwingine nisiyemjua, anayetumia bookworm kama mimi, aliandika chini ya ripoti kwamba ritifaa iliyopinda haimezi kitu, ile iliyonyooka ndiyo yenye shida. Tukabadilisha ritifaa katika orodha zote. Ripoti za muhula huo zilitoka kamili. Sitaki kulifanya hilo kuwa thibitisho la hoja yangu, kwa sababu hoja yangu ingesimama hata kama asingejitokeza mtu. Nalitaja kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Limebaki jambo moja ambalo sijaweza kulikwepa. Debian imepanga kuisindikiza bookworm hadi katikati ya mwaka 2028. Baada ya hapo amana itakuwa imerudishwa. Hakuna wa kuandikiwa, na kumlaumu yeyote kutakuwa ni kumsimanga aliyemaliza ahadi yake. Mashine zetu, nikizijua hali zake na bajeti ya shule, bado zitakuwa zinawaka. Ikifika hapo mshika amana ni mimi, mwenye funguo, na wa kuambiwa aibu ya bidhaa ni wazazi na mkuu wa shule wasioijua. Nimeshamwandikia mkuu wa shule barua yenye tarehe hiyo. Nimemweleza mashine zipi hazitafaa kuunganishwa na intaneti, na kwamba alama za wanafunzi hazitapaswa kutunzwa humo peke yake. Sikumwomba kompyuta mpya katika barua ile. Ombi hilo litakuja na karatasi yake.